Kesi za mauaji Kisumu: Wajibu wa wazee wa baraza hadi jaji alipoachiwa uamuzi peke yake

KWA miongo mingi, mtu aliyesimama kizimbani katika Mahakama Kuu ya Kisumu akikabiliwa na shtaka la mauaji hakusikilizwa na jaji peke yake. Kando ya jaji waliketi raia watatu wa kawaida ambao hawakusomea sheria wala kuvaa joho. Sheria iliwaita washauri wa mahakama. Wananchi waliojazana nyuma ya ukumbi waliwaita wazee wa baraza.

Utaratibu huo ulifutwa na Sheria Nambari 7 ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika Oktoba 15 mwaka huo. Hata hivyo, wapo jamaa wa marehemu na wa washtakiwa ambao bado hufika mahakamani wakitarajia kuwaona wazee hao, au wakitarajia kuona juri ya watu 12 kama zile za filamu za Marekani. Hawazioni zote mbili. Jaji huketi, husikiliza na huamua akiwa mmoja.

Makala haya yanaeleza wazee hao walikuwa nani, walitakiwa kufanya nini, kwa nini waliondolewa, na jinsi kesi ya mauaji inavyoendeshwa leo katika maeneo ya ufuo wa Ziwa Victoria.

Juri ya Wazungu, washauri wa Waafrika

Serikali ya kikoloni iliweka milango miwili ya haki. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, na uamuzi wa juri hiyo ulimfunga jaji. Mwafrika alisikilizwa na jaji Mzungu aliyesaidiwa na washauri Waafrika, na maoni ya washauri hao hayakumfunga jaji kwa lolote. Tofauti hiyo haikuwa ya jina tu. Mzungu aliamuliwa na watu wa kwao; Mwafrika aliombewa ushauri na watu wa kwao, kisha akaamuliwa na mgeni.

Kesi mbili za wakati huo zinaonyesha mpaka huo. Mnamo Novemba 1956, kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alihukumiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na washauri watatu Waafrika. Watatu hao walisema ana hatia, jaji akakubaliana nao, na Kimathi akanyongwa Februari 18, 1957. Hadi leo wapo wanaoandika kwamba Kimathi alihukumiwa na "juri ya Waafrika". Hilo si kweli. Washauri hao hata wangesema hana hatia, jaji angeweza kumhukumu.

Kesi ya pili ni ya Peter Poole, mhandisi Mwingereza aliyempiga risasi mfanyakazi Mwafrika jijini Nairobi mwaka wa 1959. Yeye alifikishwa mbele ya juri ya Wazungu. Ilimtia hatiani, jambo lililowashangaza walowezi wengi, na akanyongwa Agosti 1960. Ndiye Mzungu pekee aliyenyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Juri ya Wazungu haikudumu baada ya ukoloni, lakini washauri walibaki. Kenya huru iliendelea kuwatumia kwa miaka zaidi ya 40, safari hii kwa washtakiwa wa rangi zote.

Waliitwaje, na walifungwa na nini

Kazi hiyo haikuwa ya hiari. Raia aliyepokea wito wa mahakama alilazimika kufika siku na saa iliyotajwa, na aliyekaidi bila sababu halali angeweza kutozwa faini. Baadhi ya watu walisamehewa kutokana na kazi zao, wakiwemo mawakili, madaktari, makasisi, polisi na wanajeshi. Waliobaki ni wale ambao mji kama Kisumu una wengi wao: walimu, wafanyabiashara, wakulima, makarani waliostaafu.

Kesi inapoanza, mshtakiwa alionyeshwa washauri na kuulizwa iwapo ana pingamizi dhidi ya yeyote kati yao. Swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika eneo ambako koo zimefungamana. Mshauri aliyeoa katika ukoo wa marehemu, au aliyekuwa na mgogoro wa shamba na jamaa ya mshtakiwa, hakustahili kuketi.

Baada ya hapo alitakiwa kuhudhuria kila kikao, tangu shahidi wa kwanza hadi wa mwisho. Wajibu huu ndio uliosumbua mahakama kuliko wote. Kesi ya mauaji haikumalizika kwa wiki moja. Iliahirishwa kwa sababu daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti amehamishwa, au shahidi hajapatikana, au wakili yuko mbele ya jaji mwingine. Mshauri aliyetoka Bondo au Kendu Bay alirudi nyumbani akasubiri tarehe mpya, huku shughuli zake zikisimama.

Iwapo mmoja wa watatu hao angekosa kufika kwa ugonjwa au sababu nyingine, sheria iliruhusu kesi iendelee na wawili waliobaki. Wakikosekana wawili, kesi ilisimamishwa na kuanzishwa upya mbele ya washauri wapya. Aliyekosa kikao hakuruhusiwa kurudi na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisisitiza jambo hilo katika miaka ya 1950: mtu hawezi kutoa maoni kuhusu ushahidi ambao hakuusikia ukitolewa. Hukumu kadhaa zilibatilishwa kwa kosa hilo pekee, hata pale ambapo ushahidi ulikuwa mzito.

Kulikuwa pia na nyakati ambapo washauri walitolewa nje kwa makusudi. Upande wa mashtaka ukitaka kutoa maungamo ya mshtakiwa, naye akadai kwamba aliyatoa kwa kupigwa na polisi, jaji alisikiliza hoja hiyo kwanza katika kile ambacho mawakili hukiita kesi ndani ya kesi. Washauri walisubiri nje. Jaji akikataa maungamo hayo, wazee hawakupaswa kujua yalisema nini. Kanuni hiyo ilikuwa na busara, kwa maana si rahisi kwa mtu kusahau alichokwisha kusikia.

Mshauri aliruhusiwa kumuuliza shahidi maswali kwa idhini ya jaji, ili kupata ufafanuzi. Hakuruhusiwa kumhoji kwa nia ya kumwangusha. Kazi hiyo ni ya mawakili.

Neno moja linaweza kubadilisha kesi

Watetezi wa utaratibu huo walisema wazee walimsaidia jaji kuzielewa mila. Hoja hiyo ina mashiko zaidi pale mshtakiwa anapodai kwamba alichokozwa.

Chini ya Kanuni za Adhabu za Kenya, mtu aliyeua katika hasira ya ghafla kwa kuchokozwa anaweza kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Sheria inauliza kama tendo au tusi hilo lingemfanya mtu wa kawaida apoteze uwezo wa kujizuia. Inafafanua kwamba mtu huyo wa kawaida ni yule wa jamii anayotoka mshtakiwa. Jaji aliyezaliwa Uingereza, au hata aliyezaliwa Mombasa, angejuaje ni tusi gani linamchoma mtu wa Nyakach au Seme?

Chukua mfano wa mtu aliyeitwa "jajuok" mbele ya watoto na wakwe zake. Mkalimani wa mahakama atasema neno hilo la Kijaluo lina maana ya mchawi, au mtu anayezurura usiku kutisha majirani. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haisemi neno hilo linamfanyia nini mtu katika kijiji chake, wala linatamkwa lini kwa utani na lini kwa chuki. Mzee wa baraza aliyekulia hapo aliweza kumweleza jaji. Ni kweli pia kwamba aliweza kuwa na chuki zilezile za kijiji, na hilo halikusemwa sana.

Maoni yasiyomfunga jaji

Ushahidi ulipokwisha na mawakili kumaliza hoja zao, jaji aliweza kuwapa wazee muhtasari wa kesi. Aliwaeleza sheria inasema nini kuhusu mauaji, ni mambo gani yamethibitishwa na yapi yana shaka. Kisha kila mmoja alitoa maoni yake kwa mdomo, na jaji akayaandika. Tofauti na juri, hawakujifungia chumbani kutafuta kauli moja. Mmoja angeweza kusema mshtakiwa ana hatia na wawili wakasema hana.

Umuhimu wa muhtasari huo ulielezwa mwaka wa 1954 katika kesi ya rufaa iitwayo Washington mwana wa Odindo dhidi ya Malkia, ambayo mawakili wa Afrika Mashariki wanaitaja hadi leo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema maoni ya washauri yana manufaa makubwa kwa jaji, lakini ikiwa tu wameelewa mambo ya kesi na sheria inayohusika. Wasipoelezwa, thamani ya maoni yao hupungua kwa kiasi hichohicho.

Baada ya kuyasikia, jaji alitoa hukumu yake, na hakulazimika kufuata maoni hayo hata kama wote watatu walikubaliana. Mfano uliozungumzwa mno ni wa Tom Cholmondeley, kitukuu wa mlowezi Lord Delamere, aliyeshtakiwa kwa kumuua Robert Njoya katika shamba lake karibu na Naivasha Mei 2006. Kwa kuwa kesi hiyo ilianza kabla ya mageuzi ya 2007, iliendelea kuwa na washauri. Mnamo Machi 2009 washauri wawili walisema hana hatia. Mei mwaka huo, Jaji Muga Apondi alikataa maoni hayo, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane.

Wengi walikasirishwa na ufupi wa kifungo. Wachache walitambua kwamba wazee wa baraza wangekuwa juri, mshtakiwa angerudi nyumbani siku ile ile ya Machi.

Kwa nini waliondolewa

Sababu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kufuatilia orodha ya kesi za Mahakama Kuu. Kesi zilichelewa kwa kuwasubiri washauri. Nyingine zilianza upya. Nyingine zilishinda kwa jaji na kuanguka katika rufaa kwa sababu ya kosa la utaratibu kuhusu wazee. Na baada ya yote hayo, maoni yenyewe hayakuwa na nguvu ya kuamua.

Hata kuondolewa kwao hakukuwa rahisi. Baadhi ya majaji waliokuwa katikati ya kesi mwaka wa 2007 waliwaaga washauri na kuendelea peke yao. Mahakama ya Rufaa ilikuja kuamua kwamba mabadiliko hayo hayakugusa kesi zilizokwisha kuanza, na kwamba mshtakiwa aliyeanza na washauri alikuwa na haki ya kumaliza nao. Baadhi ya hukumu zilibatilishwa, na jamaa za marehemu wakalazimika kurudia safari ya mahakamani tangu mwanzo.

Kuchelewa huko hakukuwa kwa wazee peke yao. Hadi mwaka wa 2003, kila kesi ya mauaji ilipitia kwanza kwa hakimu, ambaye alichunguza kama kuna ushahidi wa kutosha kuipeleka Mahakama Kuu. Mashahidi walisimulia mara mbili, wakati mwingine miaka miwili ikiwa imepita kati ya simulizi ya kwanza na ya pili, na mawakili wa utetezi walifaidika sana na tofauti za simulizi hizo.

Majirani hawakufuata njia moja. Uganda bado inatumia washauri wawili au zaidi katika kesi za Mahakama Kuu. Tanzania iliwatumia kwa lazima hadi mwaka wa 2022, sheria ilipobadilishwa na kumwachia jaji hiari ya kuwaita.

Kivuli cha Koru

Hakuna kifo kilichowafunza wakazi wa Kisumu habari za mahakama kuliko cha Dkt Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje. Alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia Februari 13, 1990, na mwili wake ulioteketezwa ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila.

Wapelelezi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon waliletwa. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Evan Gicheru iliundwa mwaka huo, ikasikiliza ushahidi Kisumu, na Rais Daniel arap Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Aliyekuja kushtakiwa ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Kesi yake ya kwanza haikufika mwisho kwa sababu jaji aliyeisikiliza alifariki. Ilianza upya, na Anguka akaachiliwa huru mwaka wa 1994.

Kwa sheria ya wakati huo, kifo cha jaji kilifuta kila kitu kilichokwisha kusikilizwa. Sheria ya sasa inaruhusu jaji mwingine kuendelea pale mwenzake alipoachia, ingawa mshtakiwa ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena.

Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mbunge wa Kisumu Mjini Mashariki, Gor Sungu, ilichunguza kifo hicho tena kuanzia mwaka wa 2003. Hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani.

Kesi ya mauaji inavyoendeshwa sasa

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na Katiba ya 2010. Mshukiwa anapaswa kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita tangu akamatwe, au siku ya mahakama inayofuata. Katiba ya zamani ilitoa siku 14 kwa makosa yenye adhabu ya kifo, na polisi walipozidisha siku hizo, baadhi ya washtakiwa waliachiliwa na Mahakama ya Rufaa bila hata ushahidi kupimwa.

Uamuzi wa kushtaki uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kabla ya kujibu shtaka, mshukiwa hupimwa akili. Asiyeweza kumlipa wakili hupewa mmoja kwa gharama ya serikali, na asiyeelewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani. Dhamana, ambayo zamani haikutolewa kwa shtaka la mauaji, sasa inaweza kuombwa. Upande wa mashtaka ukiipinga lazima uonyeshe sababu nzito, kama vile hatari ya mashahidi kutishwa. Jambo hili huleta uchungu mwingi vijijini, ambako mshtakiwa aliyepewa dhamana huonekana sokoni kabla ya matanga kuisha, na watu hudhani kesi imekwisha.

Upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha mambo matatu bila shaka yoyote ya msingi: kwamba mtu huyo amekufa na kilichomuua kinajulikana, kwamba mshtakiwa ndiye aliyesababisha kifo hicho kwa tendo lisilo halali, na kwamba alikusudia kuua au kudhuru vibaya. La kwanza huonekana dogo, lakini kando ya ziwa si dogo. Mwili ukiopolewa majini siku kadhaa baadaye, daktari lazima aweze kusema kama mtu huyo alizama au alitupwa akiwa amekwisha kufa. Kesi nyingine hufia hapo.

Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi, jaji huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Akiwa hana, huachiliwa papo hapo. Akiwa nayo, anaweza kujitetea kwa kiapo, kutoa maelezo bila kiapo au kunyamaza.

Adhabu ya mauaji ilikuwa kifo, bila jaji kuwa na hiari. Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunakiuka Katiba. Jaji sasa husikiliza maombi ya mshtakiwa na ya jamaa za marehemu kabla ya kutamka adhabu. Hukumu ya kifo bado imo katika sheria, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987.

Wajibu uliobaki kwa raia

Wazee wa baraza wameondoka, lakini wito wa mahakama haujaondoka. Shahidi aliyepokea wito analazimika kufika, na asipofika anaweza kukamatwa. Anayeogopa kudhuriwa anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka wa 2006. Mwananchi mwingine yeyote ana haki ya kuingia na kusikiliza, isipokuwa mahakama iwe imeagiza vinginevyo, kwa mfano kumlinda mtoto anayetoa ushahidi.

Pale kifo kinapokuwa na utata na hakuna mtu wa kushtakiwa, hakimu hufanya uchunguzi wa hadhara. Hapo pia hakuna juri. Uchunguzi uliofuatiliwa zaidi Kisumu ni ule wa mtoto wa miezi sita aliyejulikana nchini kote kama Baby Pendo, aliyejeruhiwa nyumbani kwao Nyalenda wakati wa operesheni ya polisi baada ya uchaguzi wa Agosti 2017 na kufariki siku chache baadaye. Februari 2019, hakimu wa Kisumu aliwalaumu maafisa wa polisi kwa kifo hicho. Oktoba 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza kwamba maafisa kadhaa wangeshtakiwa kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na kesi hiyo ikapelekwa Mahakama Kuu jijini Nairobi. Jamaa na mashahidi wa Nyalenda walipaswa kuifuata huko.

Kwa kesi nyingine safari zimepungua. Zamani watu wa Siaya na Homa Bay waliletwa Kisumu au Kisii. Baada ya Katiba mpya, Mahakama Kuu ilifunguliwa Siaya, Homa Bay na Migori. Mahakama ya Rufaa nayo ina makao Kisumu. Anayetaka kupinga hukumu ya mauaji hutoa taarifa ya rufaa katika muda wa siku 14 tangu hukumu itolewe, na mfungwa anaweza kuitoa kupitia kwa mkuu wa gereza anakozuiliwa.